Ndege ya posta kwa mkono wa fundi wa jahazi: kuunda DH-4 kwa mti, bafta na uzi

Fundi wa Lamu anayejua kuchonga jahazi dogo la kuuza, lenye mkuku, mataruma na tanga lake, amebakiza hatua chache tu kuunda ndege ya barua ya zama za mwanzo. Ndege zile zilikuwa mti, kitambaa na nyaya. Chuma kilikaa kwenye injini na kwenye viungo. Kinachomkwamisha fundi wa jahazi si patasi, ni mazoea. Jahazi hupata nguvu kwa unene: taruma likionekana dhaifu unaweka nene zaidi, ubao ukigoma unapigiliwa msumari. Ndege ya mabawa mawili hupata nguvu kwa kuvutana. Kila uzi unavutana na mwenzake, na mti ulio katikati una kazi moja, kukataa kufupika. Ukiiunda kwa mazoea ya jahazi itakuwa nzito, na itapinda vilevile.

Kiolezo kinachoelezwa hapa ni cha moja kwa kumi, cha kutundika darasani, dukani au sebuleni. Hakiruki. Ila ndani yake kimejengwa kama ndege yenyewe ilivyojengwa, kwa hiyo makosa yake ni yale yale yaliyowasumbua mafundi wa wakati huo.

Kwa nini DH-4

Ndege hii ilibuniwa Uingereza na Geoffrey de Havilland, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1916 kwa kazi ya vita. Wamarekani wakaiunda kwa maelfu na kuitia injini ya Liberty yenye silinda 12 na nguvu za farasi 400. Huduma ya barua ya ratiba kwa ndege ilianza kwao tarehe 15 Mei 1918, kati ya Washington, Philadelphia na New York, lakini kwa ndege ndogo ya Curtiss Jenny. Siku hiyo ya kwanza rubani George Boyle aliondoka Washington akashika njia ya kusini badala ya kaskazini, na barua zake zikafika kwa njia nyingine. Vita vilipokwisha, Posta ya Marekani ikachukua DH-4 zilizobaki jeshini, kwa sababu moja ilibeba kilo 225 hivi za barua. Hesabu magunia mawili na nusu ya mahindi.

Kwenye umbo la kivita tangi la petroli lilikaa kati ya rubani na mwenzake, na ndege ikiangukia pua tangi lilimfuata rubani. Wenyewe waliiita jeneza la moto. Katika umbo lililorekebishwa, DH-4B, rubani alihamishiwa nyuma ya tangi, na ndege za posta zikafunga tundu la mbele likawa sanduku la barua. Shika hilo tangu sasa: ndege ya posta ina tundu moja la mtu, lile la nyuma. Ukifungua matundu mawili umeunda ndege ya vita, na mtu anayejua ataliona hilo kabla hajaona kitu kingine.

Wapo watakaotaka ndege iliyoleta barua kwetu. Imperial Airways ilifungua njia ya posta ya London hadi Mwanza tarehe 28 Februari 1931, na kutoka Khartoum hadi Ziwa Victoria ilitumia Short Calcutta, chombo cha mabawa mawili kinachotua majini, chenye injini tatu. Kwa fundi wa jahazi tumbo lake linatamanisha, lakini injini tatu na nguzo zake zote ni kazi ya mara ya tatu, si ya kwanza. Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilianza na Gipsy Moth, nayo ni ndege ya yule yule de Havilland. Moth ni nyepesi kuunda, ila ina nguzo jozi moja tu kila upande, kwa hiyo haikufundishi sana kukaza nyuzi. DH-4 ina jozi mbili kila upande. Ukiimaliza hii, Moth utaiunda kati ya Ijumaa na Ijumaa.

Vipimo na vifaa

Ndege yenyewe ilikuwa na upana wa karibu mita 13 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, urefu wa karibu mita 9 na kimo cha mita 3 na kitu. Kwa moja ya kumi tunapata sm 130, sm 91 na sm 31. Kila bawa lina upana wa sm 17 kutoka mbele hadi nyuma, na nafasi kati ya bawa la juu na la chini ni sm 17 pia. Bawa la juu limetangulia mbele kwa sm 3 kuliko la chini. Kiwiliwili kina upana wa sm 9, na kipande cha kati cha bawa la juu ni sm 9 vilevile, kwa hiyo vipande vinne vya mabawa vinatoka sawa, sm 60.5 kila kimoja. Hiyo ni raha kubwa, kwani vyote vinajengwa juu ya ubao mmoja wenye mchoro mmoja, wa kulia ukigeuzwa uwe wa kushoto.

Kwa shibiri na jicho utajenga kiwiliwili, si mabawa. Kwenye jahazi, taruma likizidi wanda moja tezo italishusha kabla ubao haujapigwa. Hapa taruma likizidi hata mm 1 litajichora chini ya kitambaa, na ukilipiga randa baada ya kufunika umechelewa. Tumia rula ya chuma.

Mti. Achana na mbambakofi, mkoko na msaji. Ni mizito mno. Ndege zile zilitumia mti mwepesi wa nchi za baridi wenye nyuzi ndefu zilizonyooka. Kinachokaribiana nao, na kinachopatikana kwenye maduka ya mbao, ni saipresi. Chagua kipande kisicho na fundo, kisha chomoa kibanzi kwa ncha ya kisu. Kibanzi kikienda sambamba na ukingo wa ubao, chukua. Kikikimbilia pembeni, mhimili utakaotoka hapo utavunjika palepale. Utahitaji mita 6 za fito za kuchana mm 5 kwa 6 na mm 4 kwa 5 kwa ajili ya mihimili, mita 9 za mm 5 kwa 5 kwa kiwiliwili na kingo za mbele za mabawa, na mita 3 za mm 4 kwa 9 kwa nguzo. Ongeza kipande cha plaiwudi ya mm 3, sm 60 kwa 60, mwanzi mmoja mkavu, na gogo dogo la msufi kwa pua.

Kitambaa ni bafta nyeupe mita 3, nyepesi kadiri utakavyopata. Ndege za Marekani zilifunikwa kwa pamba, kwa kuwa kitani cha Ulaya kilikuwa haba wakati wa vita. Pwani hii ilijua pamba ya Marekani miaka mingi kabla ya ndege, ndiyo maana kitambaa chenyewe tukakiita marekani. Jina linavutia, lakini kwa kiolezo cha kipimo hiki marekani ni nene, ndege itaonekana kama imevaa gunia. Baki na bafta.

Uzi uwe wa poliesta wa kusokota, unene wa nusu milimita, mita 20. Mshipi wa nailoni unavutia kwa kuwa uko kila duka, ila nailoni hunyonya unyevu ikarefuka. Utaukaza mchana ukalia kama zeze, alfajiri utaukuta umelala. Misumari na pini ziwe za shaba. Hewa ya chumvi hupenya hata ndani ya nyumba, na pini ya chuma ndani ya bawa huchora doa la kutu kwenye kitambaa kabla mwaka haujageuka.

Mataruma ya mabawa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiharakishe. Taruma la bawa la ndege zile lilikuwa jembamba: unene wake ni kama asilimia 6 au 7 ya upana, yaani mm 11 kwenye sehemu nene, iliyo theluthi ya kwanza kutoka mbele. Mgongo umejikunja kwa upole, na tumbo si bapa, limebonyea ndani kwa mm 2. Chora umbo hilo mara moja tu, kwenye kipande cha bati la alumini, ulikate na kulipiga msasa mpaka kidole kisikwame popote. Hicho ndicho kigezo chako.

Kila kipande cha bawa kina mataruma 12 yaliyoachana kwa sm 5, jumla sm 55, na sm 5.5 za mwisho ni ncha ya mviringo. Taruma la 5 na la 10 ndiyo yatakayobeba nguzo, kwa hiyo yawe mapacha, mawili yaliyogandishwa. Hayo ni 14 kwa kipande, 56 kwa vinne, na 3 ya kipande cha kati. Kata 64, lazima matano yatavunjika.

Usiyakate moja moja mpaka mwisho. Yakate kwa kigezo ukiacha mm 1 nje ya mstari, yapange yote 64 kama kitita, toboa matundu mawili kwa keekee kupita kitita chote, pitisha skurubu ndefu mbili na ubane. Sasa piga randa ndogo na msasa kitita kizima kama kwamba ni gogo moja. Yakitoka hapo yanafanana kama punje za mchele. Kabla hujafungua, pitisha msumeno kukata nafasi za mihimili: ya mbele sm 2.5 kutoka ukingo wa mbele, mm 5 kwa 6. Ya nyuma sm 11.5, mm 4 kwa 5. Nafasi hizi ziwe wazi kwa chini. Baadaye utaziziba kwa kijiti chembamba kilichotiwa gundi, na mhimili hautatoka.

Mhimili uingie kwa kusukumwa kwa kidole gumba. Ukiingia kwa nyundo, kila taruma litausukuma kidogo, na ukifika la 12 utakuwa umepinda kama upinde.

Kuunganisha bawa

Weka mchoro wa ukubwa kamili juu ya ubao bapa, ufunike kwa nailoni ili gundi isishike. Pigilia mihimili juu yake kwa pini za pembeni, usiitoboe. Vika mataruma, angalia kila moja kwa gonia, tia tone la gundi nyeupe ya mbao, acha usiku kucha. Ukingo wa mbele ni ufito wa mm 5 kwa 5 uliokatwa mviringo. Ncha ya bawa ni mwanzi uliochanwa mm 2 kwa 4, ukaloweshwa nusu saa kwenye maji ya moto na kuzungushwa kwenye kigezo cha mbao. Ukikauka usiku mmoja hauirudii hali yake.

Ukingo wa nyuma ndege nyingi za wakati ule ziliuweka waya, na kitambaa kilipokaza kikauvuta waya ndani kati ya taruma na taruma. Ndiyo maana kwenye picha za zamani ukingo wa nyuma unaonekana kama meno ya wimbi. Unaweza kupata umbo hilo kwa waya wa shaba wa mm 1 uliochunwa kutoka kwenye kebo ya umeme. Chelewa nayo inafaa, ikiwa mbichi kidogo. Chelewa kavu ya ufagio hukatika kitambaa kinapovuta.

Kabla ya kuinua bawa ubaoni, funga nyuzi za mshazari ndani yake: kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma, kutoka taruma la 1 hadi la 5, kisha la 5 hadi la 10, kila chumba kikiwa na nyuzi mbili zinazokatana. Hazionekani baada ya kufunika, na ndiyo maana wengi huziruka. Bila hizo bawa lina pembe nne zisizo na mlinzi. Bafta itakapokaza, mstatili utalala upande, na hakuna dawa ila kuchana kitambaa.

Kipande kimoja bila kitambaa kisizidi gramu 90. Kikizidi, mti wako ni mzito au gundi imemwagwa.

Kiwiliwili, pua na magurudumu

Kiwiliwili ni sanduku refu: fito nne za sm 80, zilizoachana sm 9 kwa 10 mbele na kukutana karibu mkiani, na vijiti vya kuzuia kila sm 7. Jenga ubavu mmoja, jenga wa pili juu ya wa kwanza, kisha uviunganishe. Nusu ya mbele ya ndege yenyewe ilifunikwa kwa plaiwudi nyembamba. Kwa kipimo hiki karatasi ya manila mara mbili, iliyogandishwa na kupakwa laka, inatosha na inadanganya jicho vizuri.

Sanduku la barua likae kati ya mabawa, sm 8 kwa 6, lenye kifuniko cha bawaba ya ngozi. Tundu la rubani linafuata nyuma yake. Vifuko vya barua vishone kwa mabaki ya bafta. Kama utachora maandishi ubavuni, ni U.S. MAIL na namba ya ndege.

Pua ichonge kwa msufi. Mbele kabisa ni bapa, kwa kuwa pale palikuwa na rejeta kubwa iliyosimama wima. Kipande cha wavu wa mbu wa dirishani kinaiigiza sawasawa. Watu huichonga pua iwe ya mviringo kama ya ndege za leo, na sura yote inapotea. Silinda za Liberty zilikuwa safu mbili za sita sita zilizoachana kwa pembe ya digrii 45, nyembamba kuliko unavyodhani. Rafadha ni ya mbao, ya panga mbili, sm 29 hivi. Ibandike mbao tano nyembamba kwanza kisha uchonge, kwa sababu rafadha ya ubao mmoja hujinyonga msimu wa mvua.

Magurudumu yana kipenyo cha sm 7.5. Ndara zilizotupwa na maji ufukweni ndizo mpira bora kuliko wowote: kata duara nne kwa ncha ya bomba lililonolewa na kisu, gandisha mbili mbili, vika kitambaa pande zote mbili kuficha tundu. Ekseli isigandishwe kwenye miguu. Ifungwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa mara nne, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa springi ya ndege yenyewe. Iweke chini ya ukingo wa mbele wa bawa la chini, au hata mbele kidogo. DH-4 za mwanzo zilikuwa na magurudumu nyuma zaidi, zikawa na tabia ya kupiga pua zinapotua. Kwenye DH-4B yakasogezwa mbele. Kiolezo chako nacho, kikiwekwa mezani na magurudumu yakiwa nyuma, kitakunywa mchanga. Mkiani hakuna gurudumu, ni gongo la kuburura tu, na breki hazikuwepo kabisa.

Kufunika

Subiri kaskazi. Januari na Februari ndiyo miezi ya kufunika bawa Lamu. Wakati wa masika, Aprili na Mei, gundi, wanga na laka vyote vitakugomea.

Usiifue bafta. Pamba mpya hujikunja zaidi inapolowa mara ya kwanza, na mkunjo huo unautaka utokee juu ya bawa, si kwenye beseni. Kata kipande cha sm 65 kwa 40, nyuzi za urefu zikienda sambamba na mhimili. Anza ukingo wa nyuma kwa chini, zunguka ukingo wa mbele, rudi nyuma kwa juu, ushone hapo. Kivute kitulie bila makunyanzi, basi. Ukikikaza kwa nguvu kabla ya wanga, wanga utamalizia kazi kwa kuvunja mataruma.

Sasa tumbo la bawa. Limebonyea, na kitambaa kinachokaza kinataka kwenda njia ya mkato, kiruke bonde lile. Ukiacha hivyo umepata bawa la tumbo bapa lenye hewa ndani. Wenyewe walishona: sindano ndefu ikitoka juu, inapita kando ya taruma, inatoka chini, inarudi upande wa pili wa taruma, inafungwa fundo. Fanya hivyo kwa uzi uliopakwa nta, kila sm 2.5, na kila mshono uwe na fundo lake, ili mmoja ukikatika mwingine usifunguke. Ni mishono sita kwa taruma, zaidi ya 280 kwa ndege nzima. Hapana njia fupi. Juu ya kila mstari wa mishono bandika ukanda wa bafta wa mm 8 uliochanwa nyuzi za kingo.

Wanga. Marubani wa kwanza kabisa, kabla dawa za viwandani hazijaenea, walikaza vitambaa kwa wanga wa mimea, na muhogo unafanya kazi hiyo bila tatizo. Koroga gramu 30 za wanga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, pika mpaka uwe mwangavu. Ukipoa tia matone 10 ya mafuta ya karafuu dhidi ya ukungu. Paka kwa brashi laini pande zote mbili za bawa kwa mkupuo mmoja. Ukipaka juu leo na chini kesho, upande wa juu utavuta peke yake na bawa litajikunja kama samaki mkavu. Liweke wima kivulini penye upepo, na baada ya saa moja lilaze ubaoni ulikandamize kwa vitabu kwenye kingo. Rudia mara moja siku ya pili. Bawa lililokaza hutoa sauti ya tari ukiligonga kwa ukucha.

Wanga peke yake hautoshi. Mende wanaupenda, na unyevu huulegeza. Ufunge kwa laka ya selulosi wanayotumia mafundi wa samani, iliyozimuliwa nusu kwa nusu na thina, mipako mitatu myembamba. Laka hii ni ndugu wa dawa iliyopakwa ndege zenyewe, na inawaka kama petroli. Usipake ukumbini kwenye jiko la makaa, wala chumba kisicho na dirisha. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ukipaka hewa ikiwa na unyevu, thina inapoondoka hupoza kitambaa, maji ya hewani yanatua juu yake, na laka inageuka nyeupe kama maziwa. Likitokea, usikwangue: subiri siku kavu, pitisha brashi yenye thina tupu, weupe utaondoka.

Mpako wa mwisho uwe wa rangi ya fedha, mwepesi sana. Unga wa alumini ndani yake huzuia jua lisioze pamba.

Kusimamisha mabawa na kukaza nyuzi

Gandisha mabawa ya chini kwanza, ncha zikiwa zimeinuka sm 3 kuliko mashina. Simamisha nguzo nne fupi za katikati na kipande cha kati juu yake. Hicho kipande ndicho kinachoamua kila kitu. Pima kwa uzi kutoka katikati ya mkia hadi pembe zake mbili za nyuma. Tofauti ikizidi mm 1, rekebisha sasa hivi, kwani kwenye ncha ya bawa itakuwa mm 10. Kisha mabawa ya juu na nguzo 8 ndefu, ambazo zikatwe kwa kupima pale pale, si kwa kufuata mchoro. Nguzo ichongwe kama jani: nene mbele, kali nyuma.

Nyuzi ni 32, kumi na sita kila upande. Kila mmoja una kazi. Ule unaotoka chini karibu na kiwiliwili kwenda juu mbali unazuia bawa lisiinuke ndege ikiwa angani, na kwa kuwa hapo ndipo uzito wote ulipo, huwekwa mara mbili. Unaotoka juu karibu kwenda chini mbali unashika bawa lisining'inie ndege ikiwa chini; mmoja unatosha. Zile fupi zinazokatana kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma zinazuia bawa lisijinyonge. Mtu wa mashua aone nguzo kama milingoti midogo, kila mmoja umefungwa pande zote.

Fungia kwenye vijicho vya waya wa shaba vilivyozamishwa kwenye mihimili, kamwe si kwenye mataruma. Anza na zile fupi, kisha zinazoshika bawa lisining'inie, mwisho zile zinazolizuia lisiinuke angani. Kaza upande wa kulia kidogo, wa kushoto kidogo, urudi kulia. Fundo liwe la kuteleza mpaka zote 32 zikae, ndipo utie tone la gundi. Nguzo ikianza kupinda, usiibadilishe na nene zaidi: kuna uzi mahali umekazwa kupita mwenzake. Utafute kwa kuzipiga kidole, mwenye sauti kali kuliko pacha wake upande wa pili ndiye mkosaji.

Kutundika

Ikikamilika ina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Itundike kwenye boriti kwa nyuzi tatu: mbili kwenye vijicho vya juu ya nguzo za ndani, moja mbele ya mkia. Wengi hufunga kwenye kipande cha kati tu kwa kuwa ndicho kiko juu, na nguzo zake nne fupi hung'oka upepo wa kwanza wa dirishani. Pua ielekee dirishani, ili upepo uyakute mabawa kwa ukingo wa mbele. Ukiyakuta kwa ubavu, ndege itazunguka siku nzima ikila uzi wake.

Masika yakija kitambaa kitalegea kidogo na nyuzi mbili tatu zitapoteza sauti. Usiziguse. Ukizikaza kwenye unyevu, kaskazi itakaporudi kila kitu kitavuta pamoja, na nguzo ya nje ndiyo itakayokatika kwanza. Mwezi wa kumi na mbili zipige kidole tena. Zile zilizobaki kimya ndizo za kufungua na kukaza upya.